Kukusanya na Kutambua Simu za Zamani: Mwongozo Kamili

Simu nyingi za zamani hazikuwahi kuwa mali ya mtu aliyezitumia. Marekani, hadi AT&T ilipovunjwa mwaka 1984, kaya nyingi zilikodi simu kutoka Bell System, mtandao wa simu wa kampuni hiyo. Uingereza simu ilikuwa ya GPO, idara ya posta iliyoendesha mtandao wa nchi. Mteja akihama, au simu ikiharibika, ilirudishwa karakana, ikafunguliwa, ikang'arishwa, ikafungwa daili (gurudumu la namba) ya simu nyingine na mkonga wa simu nyingine, kisha ikapelekwa kwa mteja mpya. Kwa hiyo unaweza kukuta simu ina kitako cha 1938, mkonga wa 1951 na waya wa 1960, na bado ni halali kabisa, maana aliyechanganya vipande hivyo ni mwenye simu mwenyewe.

Hapo ndipo anayeanza huponzwa. Hutazama umbo, hukisia mwaka, hulipa. Umbo litakupa familia ya simu tu. Mwaka na uhalisi utavipata chini ya kitako na ndani ya tumbo lake.

Hatua ya 1: Chagua uwanja wako

Usianze kwa kununua kila chenye waya. Chagua kampuni moja, nchi moja, kipindi kimoja au aina moja, kwa mfano simu za ukutani za mbao peke yake. Ukijifunga hivyo utazijua alama zake upesi, na jicho litaanza kushtuka lenyewe likiona kitu kisichokaa sawa.

Kwa mtu asiye na uzoefu, ushauri wangu ni 500 ya Western Electric, kiwanda cha Bell System ya Marekani, au 706 ya Uingereza. Zilitengenezwa kwa wingi mno, vipuri vinapatikana, na tarehe zimepigwa waziwazi kwenye vipande vyake. Hazimvutii mwenye kutafuta cha kujivunia mbele ya wageni, lakini ndizo zitakazokufundisha kusoma simu. Simu ya mbao yenye hendeli ndiyo wengi huitamani kwanza, na ndiyo iliyochezewa kuliko zote.

Hatua ya 2: Jiulize simu ilipata umeme wapi

Kabla ya jina la kampuni, tafuta jinsi simu ilivyofanya kazi. Kuna familia tatu.

Ya kwanza ni simu yenye betri yake na hendeli. Hendeli huzungusha jenereta ndogo yenye sumaku za umbo la kwato, inayotoa umeme wa kupinduka wa karibu volti 75 hadi 100. Umeme huo ulipiga kengele kwa opereta au kwa jirani wa laini ileile. Sauti yenyewe ilisafirishwa na betri kavu mbili, jumla volti 3, zilizokaa ndani ya sanduku. Hesabu sumaku: jenereta ya sumaku tatu ilitosha laini fupi, ya tano au sita ilifungwa mashambani ambako laini ilikuwa ndefu na nyumba nyingi ziliunganishwa pamoja.

Ya pili haina hendeli wala daili. Umeme ulitoka kituoni. Ukiinua mkonga, taa iliwaka kwa opereta. Wauzaji huipuuza kwa sababu uso wake ni mtupu, na wengine huibandika daili ili ionekane kamili. Ukikuta uso ambao kifuniko chake cha daili hakijawahi kutobolewa, usimruhusu mtu aseme imepungukiwa.

Ya tatu ni yenye daili, yaani gurudumu la namba. Chanzo chake ni Almon Strowger, mzishi wa maiti wa Kansas City aliyepata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891. Kituo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Bell System yenyewe ilichelewa, ikaanza kuingiza daili mwaka 1919. Hivyo simu ya Western Electric yenye daili inayodaiwa kuwa ya 1905 ina maswali ya kujibu.

Hatua ya 3: Soma umbo, ukijua mipaka yake

Simu za mbao za ukutani zilianza zikiwa na masanduku matatu kwenye ubao mmoja: jenereta juu, maikrofoni katikati, betri chini. Baadaye yakawa mawili, na kuanzia miaka ya 1900 sanduku moja likatawala. Sehemu ya kusikilizia inasaidia pia: zile za mwanzo zilifungiwa nyaya kwa nje, kwenye ncha, za baadaye nyaya ziliingia ndani.

Kisha kuna simu ya kinara, ile ya mezani yenye mlingoti, maikrofoni juu na sehemu ya kusikilizia ikining'inia kwenye ndoano ubavuni. Ilitamba tangu miaka ya 1890 hadi ya 1920. Kumbuka kwamba kinara peke yake ni nusu ya simu. Kengele, koili na kapasita vilikaa kwenye kisanduku tofauti ukutani. Muuzaji akikwambia "imekamilika", uliza kisanduku kiko wapi.

Mkonga wenye kusemea na kusikilizia pamoja ndio ulioua kinara. Kwa Western Electric mfuatano ni rahisi kukariri: mkonga E1 ulikuja na simu ya 102 mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha 202 mwaka 1930, F1 ukaja na 302 mwaka 1937, na G1 ukaja na 500 kati ya 1949 na 1950. Herufi hizo zimeandikwa kwenye mkonga wenyewe. Simu ya 302 yenye mkonga G1 imebadilishwa, mara nyingi na karakana, kwa sababu G1 ulikuwa mwepesi. Zote mbili, 302 na 500, zilitoka mikononi mwa mbunifu Henry Dreyfuss. Mwili wa 302 za mwanzo ni wa chuma cha zinki. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ukawa wa plastiki. Baadaye ikaja Princess, mwaka 1959, ndogo kiasi kwamba za kwanza hazikuwa na nafasi ya kengele, zikawekewa kipande cha risasi ili zisiteleze mezani.

Simu ya kubonyeza ilianza kutolewa kwa wateja wa Bell Novemba 1963, ikiwa na vitufe kumi tu. Nyota (*) na alama ya reli (#) ziliongezwa mwaka 1968. Simu ya vitufe kumi ya Western Electric, kwa hiyo, imejitaja umri wake yenyewe.

Uingereza fuata namba: 150 ni kinara cha mwaka 1924, 162 ni ya 1929, 232 ya 1934, 332 ya 1937, 706 ya 1959, 746 ya 1967. Ya 162 na 232 zinafanana kama mapacha, zote zina umbo la piramidi na mkonga namba 164. Tofauti iko kwenye saketi: 232 iliongezewa koili ya kupunguza mwangwi wa sauti yako mwenyewe sikioni. Kwa nje hutaiona, itakubidi ufungue. Zote mbili hazina kengele ndani. 332 ndiyo iliyoileta tumboni.

Sweden ilileta simu ya Ericsson ya 1892 ambayo wengi huiita Mnara wa Eiffel. Miguu yake minne iliyopinda ndiyo sumaku za jenereta, na kwangu mimi hakuna simu iliyotumia chuma chake kwa akili kuliko hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Ericsson ikatoa simu ya bakelaiti iliyochorwa na msanii wa Norway, Jean Heiberg, na umbo lake likaigwa kila mahali. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja Ericofon, kipande kimoja kilichosimama, daili ikiwa chini ya kitako. Ujerumani utakutana na W28, W36, W38 na W48. Namba ni mwaka wa muundo. Ufaransa nayo ina S63, na simu zake nyingi zimetundikwa kisikilizio cha pili kwa nyuma, ili mtu mwingine asikilize mazungumzo. Kikiwa hakipo, tafuta ndoano au tundu lake.

Hatua ya 4: Soma daili

Daili ni pasipoti ya simu. Marekani herufi MNO ziko kwenye 6, na Q haikuwekwa kabisa. Uingereza na Ufaransa MN ziko kwenye 6 na O imehamia kwenye 0. Australia ilitumia herufi moja tu kwa kila namba: A, B, F, J, L, M, U, W, X, Y. Sweden 0 inakaa kabla ya 1. New Zealand na mji wa Oslo namba zimepangwa kinyume, 9 ikiwa karibu kabisa na kizuizi cha kidole.

Simu za Uingereza hubeba pia herufi baada ya namba ya aina: L maana yake daili yenye herufi, F yenye tarakimu tupu, CB isiyo na daili. Huko mpango wa kuacha herufi ulianza 1966, kwa hiyo 706F na 706L hazielezi kipindi kimoja.

Lakini daili pia ndiyo kipande kilichobadilishwa zaidi, kwa kuwa ndicho kilichochakaa kwanza. Ichukue kama ushahidi wa nchi, usiichukue kama ushahidi wa mwaka.

Hatua ya 5: Pindua, fungua, andika

Hii ndiyo kazi yenyewe. Muuzaji asiyekubali ufungue kitako, lipa bei ya pambo au ondoka.

Utahitaji bisibisi bapa inayokaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu, tochi, kioo kidogo, na simu yako ya mkononi ya kupigia picha. Piga picha kabla ya kugusa waya wowote. Kisha tafuta tarehe sehemu hizi: chini ya kitako, ndani ya ganda, nyuma ya daili, kwenye fremu ya kengele, kwenye sanduku la koili au kapasita, ndani ya mkonga, na kwenye vidonge vya maikrofoni na spika baada ya kufungua vifuniko vyake.

Western Electric walipiga mwezi na mwaka, mfano 5-57, yaani Mei 1957. Kwenye vipande vya zamani zaidi utaona robo ya mwaka kwa namba za Kirumi, kama III 41. Uingereza utakuta namba ya aina, herufi za kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Ndani ya mkonga utaona 164 na mwaka wake pembeni. Andika zote kwenye karatasi, kipande kwa kipande.

Sasa zisome pamoja. Zikikaribiana kwa miezi michache, umepata simu iliyotoka kiwandani ikabaki vilevile, na hiyo ndiyo wakusanyaji hulipia zaidi. Zikitofautiana kwa miaka na kitako kina muhuri wa pili wa rangi, hiyo ni simu ya karakana: mwaka wa ukarabati ni ule wa muhuri, na simu ina historia yake safi. Zikitofautiana bila mpangilio, ganda la rangi moja na vifuniko vya mkonga vya rangi inayokaribiana tu, mtu amekusanya vipande juzi.

Kosa la kawaida kuliko yote ni tarehe za hataza. Mlingoti wa kinara unaweza kuwa na safu ya tarehe zinazoanzia 1904. Hizo ni tarehe hataza zilipotolewa, na kiwanda kiliendelea kuzichapa miaka mingi baadaye. Tazama ya mwisho katika safu: simu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Zaidi ya hivyo haikuambii kitu.

Majina pia yasikupoteze. Kellogg, Stromberg-Carlson na Automatic Electric zilitengeneza kwa kampuni huru za simu nje ya Bell. Simu yenye jina la Kellogg mbele na maikrofoni ya Western Electric imechanganywa, ingawa kwenye laini za mashambani fundi alifunga alichokuwa nacho.

Hatua ya 6: Tambua mwili umetengenezwa na nini

Bakelaiti ilivumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Ni nzito, ni baridi mkononi, ukiigonga hutoa mlio mkavu. Isugue kwa kidole gumba hadi ipate joto, au ipitishe chini ya maji ya moto kidogo kama ni kifuniko kilichotoka: utasikia harufu kama ya dawa ya hospitali. Ebonaiti, mpira mgumu wa visikilizio vya mwanzo, hutoa harufu ya salfa, na weusi wake hugeuka ukahawia ukikaa juani. Plastiki ya miaka ya 1940 na 1950 ya Western Electric hunuka kama siki iliyochacha na husinyaa kiasi kwamba ganda halikai tena kwenye kitako. ABS, plastiki ya miaka ya 1960, ni nyepesi, haina harufu, na rangi za mwanga huwa njano.

Bakelaiti ya simu ni nyeusi au kahawia. Simu za Uingereza za familia ya 300 zenye rangi ya pembe, kijani au nyekundu ni za akriliki, na kwa kuwa zilitolewa chache, bei yake ni ya dunia nyingine. Ndiyo maana nyeusi hupakwa rangi. Tazama ndani ya ganda: akriliki ina rangi ileile hadi ndani.

Usichome sindano ya moto kupima. Inaacha kidonda cha kudumu, na bakelaiti nyingine ina asbesto ndani, ambayo pia ni sababu ya kutoipiga msasa wala kuitoboa.

Hatua ya 7: Tega sikio kwa bandia

Vinara na simu za mbao zimeigwa sana, hasa kuanzia miaka ya 1970. Alama hizi zinatosha kukamata nyingi: skrubu za nyota kwenye simu inayodaiwa kuwa ya kabla ya miaka ya 1930; bodi ya saketi ndani; tundu la plagi ndogo ya plastiki nyuma; vitufe vilivyopangwa duara kuiga daili; sumaku inayong'ang'ania mlingoti unaoitwa shaba; na wepesi wa jumla.

Kuna udanganyifu mwingine usio wa makusudi. Vinara vingi vilitoka kiwandani vimepakwa rangi nyeusi au nikeli juu ya shaba ya njano. Miongo kadhaa iliyopita watu walivikwangua na kuving'arisha hadi vikawaka kama dhahabu, na leo wanunuzi huamini ndivyo vilivyokuwa. Kinara kinachong'aa kimepoteza ngozi yake. Kilichobaki na rangi nyeusi iliyochubuka kingoni ndicho cha kukimbilia.

Kwa simu za mbao, fungua mlango uangalie matundu yasiyo na kazi. Nyingi ziling'olewa matumbo zikageuzwa redio, na kuna redio zilizotengenezwa tangu mwanzo kwa sura ya simu ya ukutani.

Hatua ya 8: Pima hali kabla ya bei

Tembeza ukucha kwenye ganda; ufa wa bakelaiti husikika kabla haujaonekana. Kagua kona za kitako na pale mkonga unapokaa. Bakelaiti haiyeyuki upya, kwa hiyo ufa uliogundishwa ni ufa milele.

Zungusha daili hadi 0 uiachie. Inapaswa kurudi kwa mwendo mmoja, sekunde moja na kidogo, kwani mapigo ni kumi kwa sekunde. Usiisukume irudi. Spika ipime kwa kugusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake mara moja: ikitoa mlio mfupi, iko hai. Maikrofoni ya chembe za kaboni huganda kwa miaka. Igonge polepole kwenye kiganja ikiwa wima, chembe zilegee.

Hatua ya 9: Safisha kidogo

Futa vumbi kwa brashi laini. Bakelaiti ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na tone la sabuni, ikauke papo hapo, kisha ipake nta. Usiiloweke, kwa sababu unga wa mbao uliomo hunywa maji. Asetoni ni adui wa plastiki za simu. ABS iliyogeuka njano inaweza kurudishwa kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga, lakini rangi huwa na mabaka, na njano hurudi. Mimi huiacha.

Waya uliovikwa uzi usiutupe hata ukichakaa. Fungia mpya, wa zamani uweke kwenye bahasha pamoja na karatasi ya tarehe. Nikeli usiing'arishe kwa nguvu, ni utando mwembamba.

Hatua ya 10: Kuipigia kengele tena

Laini ya kawaida ina karibu volti 50 za umeme mnyoofu, na kengele inapolia hupanda hadi volti 75 au 90 za umeme wa kupinduka. Usishike nyaya simu ikiwa imeunganishwa, na usimruhusu mtoto azungushe hendeli huku mwingine ameshika ncha. Trimphone ya Uingereza ya miaka ya 1960 ina kijibomba cha gesi ya tritiamu chini ya daili, chenye mionzi. Usikivunje wala kukifungua.

Laini nyingi za leo, na vifaa vingi vya simu ya intaneti, havielewi mapigo ya daili. Utapokea, hutaweza kupiga, mpaka uweke kigeuzi cha mapigo kuwa milio kati ya simu na laini.

Ikiwa kila kitu ni kizima na kengele bado imenyamaza, soma maandishi kwenye koili zake. Kampuni huru za Marekani zilitumia laini za nyumba nyingi ambako kila kengele ilitengenezwa iitikie mawimbi ya kasi yake tu, na kasi hiyo imeandikwa hapo: 33 na theluthi, 50, 66 na theluthi mbili. Laini ya kawaida hupiga kwa mawimbi 20 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kengele hiyo haitaitikia kamwe. Haijaharibika. Usiipinde wala kuikaza; tafuta kengele ya kawaida ya kampuni ileile, ufunge hiyo, na ile ya asili uihifadhi na simu yake.